Pafyumu za jua, mwezi na nyota: nimezijaribu hapa Kigoma, hii ndo hukumu yangu

Mimi biashara yangu ni dagaa pale Kibirizi, kwahiyo ukinisikia nasifia pafyumu ujue imepigana vita kweli. Niliagiza Dar zile chupa ndogo za kupima, zote za mambo ya angani, zikaja na basi, moja kofia imelegea ikavuja mpaka boksi zima linanukia, kumpigia muuzaji ananambia eti nimuulize dereva 😂 haya tuyaache.

Angel ya Mugler, ile ya tangu 1992 ambayo chupa yake ni nyota ya kioo. Weeh, hii kitu nzito! Ukipuliza tu unakutana na karameli na chokoleti, utadhani jirani anaoka keki, halafu ikishatulia pachuli inapanda, ile harufu ya udongo udongo hivi, na hapo ndo unaelewa kwanini kuna wanaoifia na kuna wasiotaka hata kuisikia. Mchana acha kabisa, lile jua la Mwanga saa saba na daladala imejaa, wenzio watafungua madirisha yote. Ila jioni puliza mara moja nyuma ya shingo na kidogo kwenye mtandio, wangu nimeshaufua na bado unanukia. Na ndo pekee iliyoweza kushinda dagaa, haki ya Mungu.

Sun Moon Stars ya Karl Lagerfeld (1994) imetungwa na Sophia Grojsman, yule yule wa Trésor ya Lancôme, chupa yake ya bluu ina jua, mwezi na nyota vimechomoza ukipapasa unavihisi. Hii ni matunda na maua, tamu ila ya kistaarabu. Naivaa nikienda harusi za Ujiji, maana kule ukumbini udi umeshafukizwa vya kutosha, ukiongeza na Angel hapo ni fujo. Kipindi cha mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika na mimi sina mzigo wa kunusa, basi naipuliza tu hata nikienda sokoni.

Ya jua yalikuwa mafuta ya Kiarabu, jina naliweka kapuni. Waridi na udi, hayana spiriti kwahiyo hayarushi harufu mbali, mtu mpaka akukumbatie ndo ayasikie, hilo nimelipenda. Lakini yameniachia doa la njano kwenye dera langu jeupe na halitoki, nimeloweka, nimeanika, wapi! Ukinunua ya hivyo paka kwenye ngozi tu.

Mkono ukikaa vizuri nachukua Angel chupa kamili, maana ile nyota ikiisha inajazwa upya. Ila hapa Kigoma wa kujaza sijamuona, anayejua duka la uhakika hata kama ni Tabora anitonye.