Kalibu ya Lee ya kubania risasi za milimita 9: uzoefu wangu

Kati ya vifaa vyote nilivyofunga kwenye presi yangu, kalibu (kifaa cha kubania mdomo wa ganda) ya Lee iitwayo Carbide Factory Crimp ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza kujaza risasi za bastola za milimita 9, yaani kuyawekea maganda yaliyokwishatumika baruti na kichwa kipya. Naishi Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Za kuuza ni habari nyingine, na ukiwa nchi nyingine uliza kwanza sheria ya huko.

Kabla ya kupachika kichwa (kile kipande kinachoruka), mdomo wa ganda hupanuliwa kidogo ili kichwa kiingie bila kukwanguliwa. Upanuzi huo usipoondolewa, risasi hukwama kwenye chemba. Kalibu hii huurudisha mdomo mahali pake, na pete ya kabaidi (metali ngumu sana) iliyo ndani yake husawazisha ganda lililotuna. Kuirekebisha si kazi: iteremshe hadi iguse kishikio cha ganda, inua risasi, kaza skrubu ya juu hadi uhisi imegusa mdomo, kisha ongeza nusu mzunguko. Kwangu nusu inatosha. Pia inakulazimisha kupachika na kubana kwa hatua mbili tofauti, jambo ninalolipenda mno, kwa sababu ukibana huku kichwa bado kinashuka, mdomo hukwangua koti lake, yaani ganda jembamba la shaba linalokifunika.

Sasa, wengi hudhani kubana zaidi ndiko kushika zaidi. Sivyo. Kichwa hushikwa na ganda lililorudishwa kwenye kipimo chake tangu mwanzo. Ukikaza kupita kiasi, shaba ya ganda hurudi nyuma kidogo baada ya kubanwa, ilhali madini ya risasi ndani ya kichwa hubaki yamebonyea, na kichwa kinalegea. Tena risasi ya milimita 9 husimama kwenye chemba kwa ukingo wa mdomo wake. Ukiukunja kwa ndani, umeiondolea mahali pa kusimama.

Mimi hupima kwa kalipa pale kwenye ukingo kabisa. Kichwa ni inchi 0.355, ukuta wa ganda karibu 0.011 kila upande, hivyo natarajia 0.377 hivi. Kiwango cha juu cha SAAMI, chama cha Marekani kinachoweka vipimo vya risasi, ni 0.380. Nikiona 0.374 nalegeza skrubu mara moja, sijadili.

Usawa wenyewe, ule wa risasi baada ya risasi, hautoki kwenye kalibu peke yake. Unatoka kwenye urefu wa maganda. Kalibu imesimama palepale, kwa hiyo ganda refu linabanwa zaidi na fupi linabanwa kidogo. Maganda ya kuokota uwanjani huwa mchanganyiko wa viwanda na urefu (urefu wa juu kabisa ni inchi 0.754). Hakuna haja ya kuyakata. Yatenge kwa chapa iliyo kitakoni, kisha rekebisha kalibu kwa kila fungu. Hili ndilo limenisaidia kuliko kifaa chochote cha kununua, na ni la bure.

Jaribio ambalo siliachi: napima urefu wa risasi nzima, naisukuma ncha kwa nguvu dhidi ya ubao wa meza, napima tena. Ikipungua, nasimamisha kazi yote. Kichwa kikizama ndani wakati bastola inajipakia, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo hupanda haraka mno. Halafu naidondosha kwenye mtutu uliotolewa kwenye bastola. Inatakiwa itue kwa mlio mkavu, izunguke, na itoke yenyewe ukiugeuza.

Kwa vichwa vya madini ya risasi visivyo na koti, vinavyokuja na unene wa 0.356 au 0.357, pete ya kabaidi inaweza kuvibana hata vikapungua ndani ya ganda, kwa hiyo huko natumia kalibu ya kawaida ya mteremko, inayobana mdomo taratibu bila pete hiyo. Na wenye rivolva za .38 Special, ninyi mnahitaji mdomo unaokunjwa ndani ya mfuo (mfereji mdogo unaokizunguka) wa kichwa, ili mshtuko usikivute mbele na kuzuia silinda isizunguke. Kampuni hiyohiyo ina kalibu ya kaliba hiyo.