TX200 ya mbao ya jozi niliyoitoa kwenye rafu ya duka: chuma kipya, mbao mtumba

Nyota tano kwa bunduki, mbili kwa duka. Naanza na hizo mbili, maana ndizo zitakazomsaidia anayejiandaa kununua.

Bunduki ni Air Arms TX200, ya upepo, ya springi, wenzo wa kukokia uko chini ya mtutu, kaliba .22, mbao ya jozi (mti ambao Waingereza huuita walnut). Inatengenezwa Hailsham, kusini mwa Uingereza. Upande wa chuma sina neno: rangi nyeusi ya mtutu imetulia, triga inaachia mahali pale pale kila mara, wenzo hauna mchezo. Ila niliyonunua ndiyo ile iliyosimamishwa dukani watu waione, kwa kuwa ya jozi ilikuwa hiyo moja tu, na nililipa bei ya mpya kasoro pauni chache. Kwenye risiti ni mpya. Ukiigeuza chini ya taa, mbao inasema mengine.

Nilihesabu alama saba. Kila moja ina chanzo chake, na ukishakijua chanzo utaitambua hata kwenye bunduki ya duka lingine, kwa sababu maduka mengi ya bunduki Uingereza yanazipanga kwa namna moja: kitako chini, mtutu juu kwenye pengo la rafu, na waya mmoja wa chuma unaopita ndani ya kinga za triga za safu nzima hadi kwenye kufuli.

Waya huo ndio adui namba moja. Mteja akitaka kuona bunduki ya katikati, muuzaji anafungua kufuli na kuuvuta waya wote kutoka upande mmoja. Kila ukivutwa unapita kama msumeno kwenye mbao iliyo nyuma tu ya kinga ya triga, pale mshiko unapoanza. Kwangu umeacha mfereji wa urefu wa kama milimita 12, na si mfereji tu: umekuwa mweusi, weusi wa wino. Jozi ina tanini nyingi, kemikali ya asili ya miti. Vumbi la chuma likikutana na tanini penye unyevu kidogo, hata unyevu wa viganja vya wateja, hutoa doa jeusi lililo ndani ya nyuzi, si juu. Kufuta kwa kitambaa ni kujichosha. Mbao ya bichi (jina la mti wa Ulaya hilo, si kwamba haijakauka) haina shida hiyo kwa kiasi hicho kwa sababu tanini yake ni kidogo, na pia ni ngumu zaidi ya jozi. Kwa hiyo katika rafu moja, bunduki ya bei nafuu hutoka salama na ile ya gharama ndiyo inayoumia.

Alama ya pili iko chini ya sehemu ya mbele, pale kiganja cha kushoto kinapobeba uzito. Ni vijihilali vinne vitano, kila kimoja kidogo kama ukingo wa ukucha wa mtoto. Nilifikiri ni skrubu ya rafu mpaka niliposhika bunduki nikiwa na pete. Waingereza huvaa pete ya ndoa mkono wa kushoto, na mpigaji wa mkono wa kulia hubeba bunduki kwa mkono huo huo. Bunduki hii inapita kilo 4 bila darubini. Kila mteja anayeijaribu begani anaiweka juu ya pete yake, kisha anaisogeza kutafuta mizani.

Ubavu wa kitako una kibonyeo kirefu, chembamba, kama kimepigwa kwa kijiti. Hicho kimetoka kwa jirani. Pembeni yake ilisimama bunduki ya kujazwa upepo kabla, yenye mkono wa kukokia uliochomoza ubavuni. Rafu ikibanwa ili iingie bunduki moja zaidi, ukichomoa moja kwa mkono mmoja inazunguka kwenye pengo la juu, na mkono ule wa jirani unapiga mbao pale pale shavu linapoegemea. Sentimita 10 kati ya bunduki na bunduki zinamaliza tatizo hili. Nilipozitazama rafu zile, nafasi ilikuwa kama nusu ya hapo.

Kisha kuna mistari miwili midogo sehemu ya mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto, inatazamana, kimo kimoja. Ukiona alama zinazotazamana namna hiyo, hiyo ni jiliwa, kile kibanio cha chuma cha meza ya fundi. Mtu aliibana bunduki ili afunge darubini, na meno ya jiliwa hayakuwa na ngozi wala mpira. Muuzaji atakwambia ni ya kiwandani. Hakuna kiwanda kinachobana mbao iliyokwisha kupakwa vanishi kwa chuma kitupu.

Zilizobaki nazipita haraka: ncha ya chini ya kitako imemeguka kidogo pembeni ya mpira (imegongwa sakafuni), mkwaruzo wa zipu ya jaketi juu ya mshiko, na kivuli cha lebo ya bei. Hicho kivuli kina elimu yake. Jozi ikikaa karibu na dirisha hupauka, kwa hiyo chini ya lebo nilikuta mstatili uliokolea kuliko mbao ya pembeni. Bichi hufanya kinyume: mwanga unaitia umanjano, na chini ya lebo inabaki nyeupe. Gundi yenyewe ilitoka kwa kuipasha moto kidogo na mashine ya kukaushia nywele, kisha mafuta ya kula kwenye pamba. Asetoni usiiguse, inaondoka na vanishi.

Namna ya kukagua dukani. Taa ya juu ya duka haikuonyeshi kitu. Washa tochi ya simu, ilaze karibu iguse mbao, mwanga usafiri juu ya uso wake badala ya kuupiga kutoka juu. Kibonyeo kitatoa kivuli, mkwaruzo utang'aa. Pitisha ukucha: ukiteleza bila kukwama, ni vanishi tu imeguswa; ukikwama, mbao imefikiwa. Anza na pale waya unapopita, kisha chini ya sehemu ya mbele, kisha upande wa shavu, kisha ukingo wa mpira wa kitako. Mwisho kabisa, na hapa usiwe na haraka, kagua mshiko nyuma ya chuma na mbao inayozunguka skrubu ya nyuma ya kinga ya triga. Ukiona mstari kama unywele unaofuata nyuzi za mbao, bunduki ilianguka. Hiyo rudisha kwenye rafu hata wakupe nusu bei. Bunduki ya springi inatikisika mbele na nyuma kila ikipigwa, na ufa wa hapo haukai ulivyo.

Ningekuwa nanunua leo, ya kwenye rafu ningeitumia kupimia bega na shavu tu, halafu ningeomba iliyo kwenye boksi, ifunguliwe mbele yangu, na namba ya boksi ilingane na namba ya kwenye chuma. Boksi lenyewe si ushahidi, kwani kuna bunduki zilizorudishwa na wateja na kufungwa upya. Muda wa kufanya hivyo upo, kwa sababu tangu mwaka 2007 mfanyabiashara wa Uingereza haruhusiwi kukuuzia bunduki ya upepo bila kukabidhiana uso kwa uso. Ukiagiza duka la mbali, mara nyingi itapitia kwa muuzaji mwingine mwenye usajili aliye karibu nawe, maana yake mikono miwili ya dukani badala ya mmoja. (Kwa walio Scotland: huko cheti kinatakiwa tangu mwisho wa 2016. England na Wales, bunduki ya upepo ambayo nguvu yake haizidi futi-ratili 12, yaani kama jouli 16, haihitaji cheti, ila mnunuzi awe ametimiza miaka 18.)

Kuna mtego wa kisheria pia. Sheria ya Haki za Wateja ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kupewa fedha yako. Lakini kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kulipa, au ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuibaini, haimo. Kwa hiyo ile ya kwenye rafu, uliyoishika na kuigeuzageuza, alama zake za nje umezikubali. Nami nimeingia humo humo. Kinga ni karatasi: alama ulizokubali ziandikwe kwenye risiti, na bei ishuke kulingana nazo. Kwa maoni yangu, mikwaruzo ya vanishi peke yake ipunguze asilimia 10, mbao iliyokatwa ipunguze 20. Muuzaji akikujibu kwamba bunduki ni ya kutumika na itachubuka tu, mwambie ni kweli, ila michubuko yako ungependa uiweke mwenyewe.

Matengenezo. Kwanza, haina risasi na haijakokiwa. Wenzo ukiwa umefunguliwa usiguse triga kabisa. Fungua skrubu mbili za ubavuni sehemu ya mbele, kisha za kinga ya triga, kwa ufunguo wa pembe sita unaokaa sawasawa. Ulio mdogo kidogo unakula kichwa cha skrubu na kuteleza kwenye mbao. Chuma kitatoka kizima, mbao ibaki peke yake mezani.

Kibonyeo, yaani nyuzi zilizolala bila kukatika, kinanyanyuka kwa mvuke. Vanishi inazuia mvuke na huweza kugeuka nyeupe kama maziwa, kwa hiyo iondoe hapo tu kwa msasa namba 400, eneo lisizidi sarafu. Lowesha kitambaa cha pamba, kikunje mara nne, kiweke juu ya kibonyeo, gusisha ncha ya pasi ya moto sekunde 3 hadi 5. Inua, tazama, lowesha tena. Changu cha ubavuni kilipanda karibu chote kwa mizunguko sita. Kosa la kawaida ni kuiacha pasi ikae ili iishe mara moja: kitambaa kinakauka na mbao inaungua. Kosa la pili ni kupiga msasa kabla ya kujaribu mvuke, ukashusha uso wote kulifuata shimo. Na usifanye hivi karibu na chale za mshiko (mikato ya kuzuia kiganja kisiteleze), kingo zake zitavimba na kulala.

Acha ikauke siku nzima. Msasa 400 kisha 600, daima kufuata nyuzi. Baada ya hapo mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tone moja kwa ncha ya kidole, sugua mpaka kidole kipate joto, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu. Siku moja kati ya mpako na mpako, mipako mitano au zaidi. Ukipaka mazito ili umalize mapema, yatanata wiki nzima. Kitambaa ulichofutia usikikunje ukakitupa kwenye pipa: mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe kwenye maji.

Pale vanishi ilipomeguka bila mbao kuguswa, tone la gundi ya supa kwa ncha ya kijiti cha meno, lipite kidogo juu ya uso, likauke, kisha msasa wa maji namba 1000 uliozungushiwa kipande cha ufutio, na dawa ya kung'arishia shaba kumalizia. Kumeguka kwa pembeni ya mpira nimekuziba hivyo na lazima uambiwe ndipo ukuone.

Ukirudisha chuma, kaza skrubu mpaka zishike, kisha robo mzunguko. Kukaza kwa nguvu kunaponda mbao chini ya kichwa cha skrubu, na mbao iliyopondwa hairudi tena ikakaa sawa. Zikague baada ya risasi 50 za kwanza, mtikisiko wa springi hulegeza.

Kwa wenye maduka, kama yupo anayesoma: mpira wa bomba la maji uliopasuliwa na kuvalishwa kwenye pengo la rafu, bomba laini la plastiki juu ya waya, lebo ya bei ifungwe kwa uzi kwenye kinga ya triga badala ya kubandikwa, na trei ya pete na saa juu ya kaunta. Vyote hivyo pamoja ni bei ya makopo machache ya risasi.

Hesabu ya mwisho kwa yangu: vijihilali vya pete vimepanda, jiliwa imebakiza mstari mmoja hafifu, zipu imefutika, mstatili wa lebo umeanza kulingana na mbao ya pembeni. Weusi wa waya niliupaka asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, kwa brashi ndogo na glavu kwa sababu ni sumu, nikasuuza mara mbili. Doa limekwenda. Mfereji wenyewe haujapanda hata kidogo, nyuzi zilikatika. Nimeupaka mafuta nikauacha.