Baduanjin au Taichi ya miondoko 24: uanze na ipi?

Zote mbili ni mazoezi ya Kichina ya miondoko ya taratibu inayoendana na pumzi. Kama huna subira ya kukariri, anza na Baduanjin. Ni miondoko minane tu, inayojulikana China tangu enzi ya wafalme wa ukoo wa Song, na miguu haitembei sana. Wa kwanza uko hivi: unapishanisha vidole vya mikono miwili, unageuza viganja na kuvisukuma juu kabisa huku ukivuta pumzi, mikono ikishuka, unaitoa pumzi taratibu. Magoti yakigoma, usichuchumae sana, basi.

Taichi ya miondoko 24, iliyopangwa China mwaka 1956, huchukua kama dakika sita, ila kuishika ni kazi: uzito unahama mguu hadi mguu, ukisahau hatua moja umepotea. Lakini kwa mzee anayeogopa kuanguka, hiyo ndiyo ningemshauri, maana huko kuhama kwa uzito hufundisha mwili kusimama imara. Mimi bado niko na Baduanjin, kabla ya chai.