Mikataba miwili ya Albert Pujols: wa miaka 10 na wa mwaka 1

Desemba 2011 Angels, timu ya besiboli ya Anaheim, California, walimsaini mpigaji Albert Pujols kwa miaka 10 na dola milioni 240. Machi 2022 St. Louis Cardinals walimsaini Pujols huyohuyo, akiwa na umri wa miaka 42, kwa mwaka 1 na dola milioni 2.5. Anayejiuliza kama timu ya besiboli imbakize mpigaji nyota aliyezeeka aanze kwa kuisoma mikataba hii. Wa kwanza ulikuwa ununuzi mbaya. Wa pili ningeusaini bila kusita.

Pujols alifika Anaheim na homurani 445 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja), wastani wa kupiga wa 0.328 (yaani takriban mara 33 kati ya majaribio 100 alipiga akafika kituoni) na tuzo 3 za mchezaji bora wa ligi. Angels walipata kwake homurani 222 na wastani wa 0.256, na katika muda wote huo timu ilifika mechi za mtoano mara moja tu, 2014, ikatolewa na Kansas City Royals bila kushinda hata mechi moja.

Kasoro kubwa iko kwenye ratiba ya malipo. Mwaka 2012 alilipwa dola milioni 12, mwaka uliofuata 16, kisha zikapanda hadi 30 mwaka 2021, akiwa na miaka 41. Yaani fedha zilipanda huku mwili ukishuka. Tena mshahara wa ligi hii una dhamana: ukimwacha mchezaji, bado unamlipa. Angels walipomwondoa Mei 2021, wastani wake ukiwa 0.198, bili ilibaki kwao. Dodgers, timu ya Los Angeles, wakamchukua kwa mshahara wa chini kabisa wa ligi, akawapigia homurani 12.

Kinachoanza kuharibika ni miguu. Mwaka 2013 Pujols alichanika utando wa unyayo, akacheza mechi 99 tu. Mpigaji asiye na mbio huwapa wazuiaji wa ndani nafasi ya kurudi nyuma hadi kwenye nyasi: wanafunika eneo kubwa zaidi na bado wanawahi kurusha mpira kituo cha kwanza kabla hajafika. Mipira iliyokuwa ikipenya zamani sasa inadakwa. Hali huwa mbaya zaidi mwenzake akiwa tayari kituo cha kwanza, kwa sababu mpira mmoja wa chini unawatoa wote wawili. Pujols alistaafu akiwa amesababisha hilo mara 426, rekodi ya ligi.

Kisha mikono. Mpira wa kilomita 150 kwa saa hufika kwa mpigaji ndani ya takriban sekunde 0.4. Mikono ikichelewa, inabidi aanze kuzungusha kigongo mapema, na hapo mpira wa polepole unaopinda unamkuta ameshajitupa mbele.

Nguvu hubaki hata vingine vikiisha, na ndiyo inayowapumbaza viongozi wa timu. Mwaka 2015 Pujols alipiga homurani 40, lakini wastani wake ulikuwa 0.244. Mwaka 2016 mapigo yake yalileta pointi 119, yake na za wenzake waliokuwa tayari vituoni, na wengi wakasema mzee bado yupo. Lakini aliyekuwa akipiga kabla yake ni mwenzake Mike Trout, aliyefika kituoni kwa asilimia 44 ya zamu zake! Kiwango cha Pujols mwenyewe kufika kituoni kilikuwa 0.323, yaani asilimia 32, na mwaka uliofuata kikaanguka hadi 0.286. Hiyo ndiyo namba ya kutazama kabla ya kumwongezea mtu mkataba.

Detroit Tigers hawakungoja kutazama. Machi 2014, mpigaji wao nyota Miguel Cabrera akiwa bado na miaka 2 kwenye mkataba wake, walimwongezea 8 kwa dola milioni 248. Mwaka wa kwanza wa nyongeza hiyo, 2016, alipiga homurani 38. Toka hapo hadi 2023 hakufikisha 20 kwa msimu hata mara moja.

Cardinals walinunua kidogo na wakajua cha kufanya nacho. Mwaka 2022 National League, ile ya Cardinals kati ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, nayo ilikuwa imeruhusu mpigaji maalumu asiyelazimika kuzuia uwanjani, hivyo miguu ya Pujols haikuwagharimu upande wa ulinzi. Walimpanga zaidi dhidi ya warushaji wa mkono wa kushoto: kwa mpigaji wa kulia, mpira wao huonekana mapema, na unaopinda humjia badala ya kumkimbia. Walimvumilia pia. Kabla ya mapumziko ya Julai alikuwa na homurani 6, baada yake akapiga 18. Septemba 23, Los Angeles, alipiga homurani ya 699 na ya 700 za maisha yake ya mchezo usiku mmoja, ile ya 699 dhidi ya mrushaji wa kushoto. Alimaliza msimu na wastani wa 0.270, na Cardinals wakaongoza kundi lao.

Mkataba huo nao una gharama. Mkongwe wa aina hii anakula nafasi 1 kati ya 26 za kikosi, na akifika kituoni dakika za mwisho lazima uwe na kijana benchi wa kukimbia badala yake. Kikosi chenye majeruhi wengi, au chenye mpigaji maalumu mwingine asiyeweza kuzuia, kisimchukue.