Droo ya NBA kama huduma kwa timu dhaifu: nyota mbili na nusu kati ya tano

Nafundisha kikapu vijana wa sekondari hapa Dar es Salaam, na kila ikifika Mei naulizwa swali lile lile: hivi ile droo ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, inayoamua timu ipi itangulie kuchagua wachezaji wapya kwenye drafti, inaziinua kweli timu zinazoburuza mkia? Naifuatilia tangu 2009, mwaka aliochaguliwa Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet. Leo naipima kama huduma nyingine yoyote, kwa sababu shabiki wa timu dhaifu anailipia kwa msimu mzima wa vipigo.

Uendeshaji wake hauna doa. Mipira 14 yenye namba huingizwa kwenye mashine, ikachanganywa, ikatolewa minne. Michanganyiko inayowezekana ni 1,001; mmoja huachwa, 1,000 hugawiwa timu 14 kulingana na ubovu wa rekodi zao. Anayeshika saa huipa mashine mgongo, na mpira hautoki mpaka ainue mkono. Wawakilishi wa timu wamo humo chumbani, simu wamezikabidhi, na hawatoki mpaka Mark Tatum, naibu kamishna wa ligi, amalize kufungua bahasha mbele ya kamera. Mwaka 1985, droo ya kwanza kabisa, walitumia bahasha pekee bila mashine, New York wakampata Patrick Ewing na maneno hayajaisha hadi leo. Kwa utaratibu wa sasa, mimi sina shaka na matokeo.

Kasoro iko kwenye mgawo. Zamani timu ya mwisho ilikuwa na asilimia 25 ya kushika nafasi ya kwanza, na haikuweza kushuka chini ya nafasi ya nne. Mwaka 2019 timu tatu za mkiani zilipewa asilimia 14 kila moja, na ya mwisho kabisa ikaweza kuangukia ya tano. Walitaka kukomesha timu kujifungisha makusudi, kama tulivyoishuhudia Philadelphia ikishinda mechi 10 tu msimu wa 2015/16. Nia njema, lakini waulize Detroit. Walishinda mechi 17 tu mwaka 2023, ambao kila timu ilimtaka Victor Wembanyama, wakaangukia nafasi ya tano. Msimu uliofuata wakashinda 14, wakafungwa mechi 28 mfululizo, wakapewa tena ya tano. Kisha 2025 Dallas, waliocheza fainali mwaka mmoja tu nyuma na kumtoa nyota wao Luka Dončić kwa hiari yao, wakashika nafasi ya kwanza wakiwa na asilimia 1.8 tu, wakampata Cooper Flagg. Utah, wa mwisho ligi nzima, wakachagua wa tano. Dawa ya mgonjwa imepelekwa nyumba ya jirani, na hapo nashindwa kuitetea.

Hata inapofika kwa mlengwa, nafasi ya juu peke yake haitoshi. Sisi Watanzania tunalijua hili kuliko wengi. Mwaka 2009 Memphis walipanda hadi nafasi ya pili wakamchukua Thabeet, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kijana wetu wa futi 7 na zaidi alikuta nafasi yake ya mchezaji wa kati imeshikwa na Marc Gasol, na kabla msimu haujaisha akapelekwa ligi ya chini kukomaa. Naumia ninaposikia akitajwa kama mzaha, maana hakujichagua mwenyewe, na subira aliyohitaji hakuipata. Memphis wenyewe walipanda kweli: 2011 waliingia mtoano wakiwa wa nane na kuwang'oa San Antonio waliokuwa wa kwanza. Waliofanya kazi hiyo ni Zach Randolph aliyepatikana kwa kubadilishana wachezaji, Gasol aliyechaguliwa wa 48, na Mike Conley, ambaye peke yake kati ya hao alitoka juu kwenye drafti. Hata Shane Battier waliyekuwa naye siku hizo walimpata kwa kumtoa Thabeet.

San Antonio watanipinga, na wana haki: David Robinson, Tim Duncan, Wembanyama, wote nafasi ya kwanza. Lakini tazama jinsi wanavyowapokea vijana. Cleveland nao walichagua wa kwanza 2011, 2013 na 2014, na kilichowarudisha kileleni ni LeBron James kuamua kurudi nyumbani.

Mfano ninaowapa vijana wangu ni Cade Cunningham. Detroit walimpata wa kwanza 2021, na ndiye huyo huyo aliyekuwa uwanjani kwenye zile mechi 28. Msimu wa 2024/25 walileta kocha mpya, J.B. Bickerstaff, na wakongwe kama Tobias Harris na Malik Beasley, watu wa kufungua uwanja na kumpunguzia mzigo. Kutoka ushindi 14 wakaruka hadi 44 na kuingia mtoano.

Kwa hiyo, kama timu yako ina kocha anayelea vijana na uongozi usiobadilika kila mwaka, droo itakusaidia ikikuangukia. Kama haina, usiisubiri. Na ningepewa nafasi ya kushauri ligi, ningeomba jambo moja: timu ya mwisho isishuke chini ya nafasi ya tatu, ila isipewe ulinzi huo miaka miwili mfululizo.