Jumamosi nne za darasa la wanawake, nimelipa elfu thelathini na haya ndo niliyoyakuta

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wengi mmeniuliza kuhusu lile darasa la wanawake nililokuwa naenda Jumamosi, kama linasaidia kweli au ni zile semina za kulia tu halafu unarudi nyumbani vilevile, sasa acha niandike yote mara moja. Jina la kanisa siweki wala la mama anayefundisha, maana siku ya kwanza tulikubaliana kinachosemwa mle hakitoki na hata nani alikuwepo hakitoki, ila ni hapahapa Dar, upande wa Mbezi.

Nianze na nilikotoka ili mjue nalipima kwa kipimo gani. 2005 nikiwa form three nilipata mimba. Shule wakaniondoa, ndo ulikuwa utaratibu wa wakati ule, ruhusa ya mabinti waliojifungua kurudi shule za serikali imekuja kutangazwa Novemba 2021 na mwanangu wakati huo yuko form three, darasa lilelile nililoliacha mimi. Lakini kilichonikaa rohoni sio shule, ni kanisani. Nilitengwa, meza ya Bwana sishiriki, na baada ya kujifungua ili nirudi kundini nikasimamishwa mbele, ibada ya pili, kanisa limejaa mpaka nje, mzee wa kanisa anasoma majina yangu yote matatu na kosa langu. Nina miaka 17, nimevaa gauni la mama linanipwaya mabegani, maziwa yanavuja na sina khanga ya kujifunika. Yule kijana alikuwa amekaa na kwaya, watu wanajua kabisa, hakuna aliyemwita.

Kwahiyo tangu hapo mtu akiniambia njoo kuna semina ya uponyaji wa moyo, swali langu la kwanza ni moja tu, nitasimamishwa?

Hapa hawasimamishi mtu na kwangu hiyo peke yake inatosha elfu thelathini. Tulikuwa wanawake kumi na nne kwenye chumba nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara, kuna chai ya tangawizi na maandazi, na hela hiyo inaingia daftari na chai ya Jumamosi zote nne. Mama mwenyewe ni nesi mstaafu, amefanya kazi leba miaka mingi, na nadhani ndo maana hashtuki. Dada mmoja aliongea kitu kizito mno, yaani chumba kizima kikawa kimya, mama akainuka akamwongezea chai kikombeni, akakaa, akasema endelea mwanangu.

Jumamosi ya pili tukasoma Yohana 8, mwanamke aliyefumaniwa. Kwakweli nilitaka kutoka nje maana habari hii nimehubiriwa mara nyingi na kila mara naona ni mimi pale mbele. Mama akauliza tu, na mwanaume yuko wapi? Maana waliomleta kwa Yesu wanasema amekamatwa papohapo kwenye tendo, sasa alikuwa anazini na nani? Akatufungulia Walawi 20:10, sheria waliyokuwa wanaitaja inawahukumu wote wawili. Sijui nieleze vipi lakini miaka yote hiyo nilikuwa nadhani lile swali langu la yule kijana wa kwaya ni uchungu wangu tu na utoto, kumbe limo mlemle kwenye maandiko yenyewe.

Halafu akasema angalieni macho ya Yesu yako wapi. Watu wote wanamkodolea yule mwanamke na yeye ameinama anaandika chini kwa kidole. Anainuka anawajibu, anainama tena. Na wanatoka mmoja mmoja wakianza wazee! Hapo nililia, siwafichi, nililia nikimkumbuka mzee aliyesoma jina langu. Na sehemu ya "usitende dhambi tena" mama hakuiruka, aliisoma vizuri tu, ila akatuonyesha imekuja mwisho, wakiwa wamebaki wawili, baada ya "wala mimi sikuhukumu".

Kitu kingine nilichokithamini ni kwamba hapa majuto hayafutwi kwa maneno matamu. Tulikaa karibu saa zima kwenye Petro na Yuda. Wote walimkosea Bwana usiku uleule, na Mathayo 27 inasema wazi kabisa Yuda alijuta, akarudisha vile vipande thelathini vya fedha. Petro naye akalia. Kwahiyo kujuta wote walijuta, tofauti ni kwamba Yuda alienda na majuto yake peke yake na Petro alikuwepo pale ziwani asubuhi ile Yesu aliyefufuka alipowapa samaki na mkate. Mama akatupeleka 2 Wakorintho 7:10, kuna huzuni ya kumpendeza Mungu inayokuleta kwenye toba na kuna huzuni ya dunia inayoua. Nimekaa kwenye hiyo ya pili miaka mingi nikidhani ndo unyenyekevu.

Mimi nilimbishia siku ya tatu. Nikasema mbona yule mwenye kutokwa damu miaka kumi na miwili Yesu alimfanya aongee mbele ya umati wote, Marko 5, si ndo kusimamishwa kule? Hakunijibu harakaharaka. Akanisomesha tena polepole, nikaona mwenyewe kwamba alikuwa ameshapona kabla hajasema neno, na kwamba aliitwa "binti" mbele ya watu walewale waliokuwa wanamwona najisi. Bado nalitafakari, lakini nilipenda sana kwamba unaruhusiwa kubisha.

Na kuna la dada mmoja, naliandika kwa ruhusa yake, aliyekuja na aibu ya kupigwa na mume. Mama alimwambia hii sio yako ya kutubu, aibu ya ulichotenda ni nyingine na ya ulichotendewa ni nyingine. Akamtajia Tamari wa 2 Samweli 13, aliyeuliza aibu yake ataipeleka wapi. Kisha wakatoka wote wawili, hapohapo kabla ya chai, mpaka polisi dawati la jinsia, wakapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Semina ngapi zingemwambia nenda kaombe mumeo atabadilika?

Sasa yasiyonifurahisha. Jumamosi ya tatu tuliambiwa tuandike makosa yetu kwenye karatasi tukayachome kwenye jiko la mkaa pale nje. Kwa wengine labda imesaidia ila mimi nilifika Kimara kwenye foleni yote yamesharudi kichwani, nikaanza kuona labda sina imani, na hiyo ni hatari kwa mtu ambaye tayari anajishutumu. Nilimwambia mama akakubali atalifikiria. Pia siku ya mwisho alikuja mgeni akafundisha kwamba Mungu akikurejesha atakupa na mume, Yoeli 2, miaka iliyoliwa na nzige. Mle ndani kuna wajane, kuna walioachika, kuna mimi. Miaka iliyoliwa pale ni ya mavuno, nafaka na divai na mafuta, na kurejeshwa kwangu sio mpaka harusi. Yule mgeni wasimrudishe.

Watoto wadogo hawana pa kukaa, mwenye mtoto anayetambaa atapata shida maana chumba ni kidogo na jiko la chai liko mlangoni. Na muda unavuka, wanasema mwisho saa sita mchana lakini siku zote tulitoka saa saba na kitu, mwenye biashara ajipange.

Jumamosi ya nne jioni nilimweleza mwanangu habari yote ya 2005 kwa mdomo wangu, na ya kule kanisani pia. Alikuwa anakula. Aliacha kijiko akaniuliza, lile gauni ulilitupa? Nikamwambia bibi yako bado analo.

Darasa jingine linaanza mwezi ujao, wanachukua kumi na tano mwisho. Anayetaka aniandikie kwa siri nitampa namba ya mama, na kama elfu thelathini ni nzito mwambieni tu, kwetu wawili walilipa kidogokidogo na hakuna aliyejua ni akina nani.