Mashine ya plazma ya vakyumu: uchukue ya bachi ama inlaini?

Kama umeshaprinti logo kwa kifuniko cha plastiki, ukabandika selotepu, ukavuta na wino wote ukaja nayo, unajua kwa nini watu wanatafuta hizi mashine. Zinavuta hewa kwa chemba, zinachaji gesi kidogo kwa umeme (hiyo ndiyo plazma), na gesi hiyo inatibu uso wa plastiki ili wino na gundi vishike. Ya bachi inatibu fungu moja baada ya lingine, ya inlaini inakaa kwa laini ya uzalishaji na mali inapita moja kwa moja. Polipropilini na poliethilini hazishiki wino, uso wake uko kama daini 30 hivi (kipimo cha vile uso unakubali wino) na wino mwingi unataka 38 kwenda juu. Ila kama kazi yako ni roli za karatasi ya plastiki ya mkate tu, nunua mashine ya korona, ile inatibu kwa umeme kwa hewa ya kawaida, wachana na vakyumu kabisa.

Namba moja kwa karakana nyingi za Industrial Area na Baba Dogo hapa Nairobi ni bachi ya chemba. Unapanga mali kwa trei, unafunga mlango, pampu inavuta hewa, gesi inaingia, unawasha, na kesho kukija kazi tofauti unabadilisha trei na programu basi. Ubaya ni muda: plazma yenyewe ni sekunde ama dakika chache, kinachokula saa ni kuvuta hewa, na raba ama kitu chenye unyevu hutoa gesi yake pampu ikahangaika. Muuzaji akikutajia dakika za mzunguko mmoja muulize kwanza, hiyo chemba ilikuwa imejaa ama tupu?

Namba mbili, bachi ya ngoma inayozunguka. Ni ya vitu vidogo kama oringi (pete za raba za kuziba), ukivirundika kwa trei vinafunikana. Vya kukwaruzika usitie humo.

Inlaini naiweka mwisho na si eti ni mbaya, ni vile wengi wetu hapa tunafanya kazi mchanganyiko. Kama una kitu kimoja kinatoka mchana na usiku na kinaenda moja kwa moja kwa gundi, hiyo ndiyo yako, kwa sababu uso uliotibiwa hurudi ulivyokuwa polepole, silikoni hata masaa tu. Lakini ikikwama laini yote imesimama, na stima yetu mnaijua.

Kabla ya kulipa, mpelekee muuzaji vitu vyako mwenyewe, avitibu, apake wino wa daini (wino wa kupima uso) hapo hapo na tena kesho yake.

Na ukinunua mitumba, uliza oili ya pampu. Ukitumia oksijeni tupu na oili ya kawaida inaweza kulipuka, unataka oili maalum ya PFPE (haishiki moto na oksijeni) ama pampu kavu isiyo na oili ndani, na zote mbili ni bei.